Kihisi kidogo au kikubwa: kamera ipi itakufaa mwanga ukipungua

Weka kamera mbili mezani, zote zimeandikwa megapikseli 20 kwenye boksi. Piga bustani saa sita mchana kwa zote mbili, kisha tazama picha hizo kwenye simu. Wengi hawataweza kukwambia ipi imetoka kamera ipi. Subiri jua lizame, piga tena ndani ya chumba chenye taa moja, na tofauti itaonekana bila kuitafuta. Picha moja imejaa chembechembe za rangi, nywele zimegandana, na kona za chumba zimekuwa tope la zambarau na kijani. Nyingine bado inatazamika. Megapikseli ni zilezile. Kilichotofautiana ni ukubwa wa kihisi, kile kipande cha silikoni kilicho nyuma ya lenzi ambacho ndicho kinachopokea mwanga.

Hapa nitakaa zaidi na vihisi vidogo, kwa sababu ndivyo vinavyouzwa kwa maneno mengi na vipimo vichache. Kwanza tuvipange kwa ukubwa:

| Aina ya kihisi | Vipimo (mm) | Eneo (mm za mraba) | Upana wa pikseli moja (mikromita, yaani elfu za milimita) |
|---|---|---|---|
| Inchi 1/2.3 | 6.2 × 4.6 | 28 | 1.3 (megapikseli 16) |
| Inchi 1 | 13.2 × 8.8 | 116 | 2.4 (megapikseli 20) |
| Micro Four Thirds | 17.3 × 13 | 225 | 3.3 (megapikseli 20) |
| APS-C | 23.5 × 15.6 | 367 | 3.9 (megapikseli 24) |
| Fremu kamili | 36 × 24 | 864 | 6 (megapikseli 24) |

APS-C ya Canon ni ndogo kidogo kuliko hiyo, 22.3 × 14.9. Na usidanganyike na neno "inchi": ni urithi wa mirija ya kioo iliyotumika kwenye kamera za televisheni za zamani, ambayo ilipimwa kwa kipenyo cha nje. Kihisi cha "inchi 1" ukikipima kona kwa kona utapata milimita 16 hivi, wala si 25.4. Ukitaka kulinganisha kamera, achana na jina, tafuta milimita.

Chembechembe zinatoka wapi

Watu husema kamera ndogo "inatengeneza" chembechembe, kana kwamba kuna kasoro kiwandani. Sehemu kubwa ya tatizo imo ndani ya mwanga wenyewe. Mwanga hufika kwa punje, yaani fotoni, na punje hizo hazifiki kwa mpangilio sawa. Pikseli mbili zilizo jirani, zinazotazama ukuta uleule mweupe, hazipati idadi ileile. Ikiwa kila moja inatarajiwa kupata fotoni 10,000, idadi itayumba kwa takriban 100, yaani asilimia 1, na jicho halitaona kitu. Ikitarajiwa kupata 100 tu, itayumba kwa 10, yaani asilimia 10, na hapo ukuta laini unaanza kuonekana kama umemwagiwa mchanga. Mtikisiko huo hufuata kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni, na hakuna kiwanda kinachoweza kuufuta.

Kwa hiyo suala ni idadi: picha nzima imekusanya fotoni ngapi? Tundu la lenzi likiwa na namba f ileile (namba ndogo ni tundu pana) na kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ikiwa ileile, kila milimita ya mraba hupokea mwanga sawa, iwe kwenye kihisi kidogo au kikubwa. Mwenye milimita nyingi ndiye mwenye mwanga mwingi. Fremu kamili ina eneo la mara 31 ya inchi 1/2.3, ambayo ni karibu hatua tano za mwanga, kila hatua ikiwa maradufu ya iliyotangulia. Kwa makadirio, vihisi vikiwa vya rika moja, picha ya ISO 100 (ISO ni kiwango ambacho kamera hukuza mwanga hafifu) kutoka kihisi cha inchi 1/2.3 huwa na chembechembe sawa na picha ya ISO 3200 kutoka fremu kamili, zote zikitazamwa kwa ukubwa uleule. Kamera ndogo inaanzia pale ambapo kubwa inaanza kuchoka.

Hesabu hiyohiyo inakwambia pia tofauti zipi si za kupotezea usingizi. Kati ya Micro Four Thirds na APS-C kuna mara 1.6 tu, haifiki hata hatua moja. Mabishano juu ya hizi mbili hayaishi, lakini mimi sitamshauri mtu auze lenzi zake zote kwa ajili hiyo. Kutoka inchi 1/2.3 hadi inchi 1 ni mara nne, hatua mbili kamili, na hapo ndipo nadhani mnunuzi anapata faida kubwa kuliko popote pengine kwenye jedwali bila kubeba begi.

Dawa inayodhuru kuliko ugonjwa

Watengenezaji wanajua kwamba mnunuzi hapendi chembechembe, kwa hiyo kamera ndogo huzisugua kabla picha haijafika kwenye kadi. Programu iliyo ndani hutafuta madoadoa na kuyalainisha. Shida ni kwamba haiwezi kutofautisha doa na unywele, au doa na ukoka. Matokeo yake ni nyasi zilizokuwa majani mamoja-mamoja kugeuka zulia la kijani, sweta kupoteza nyuzi zake, na ngozi ya uso kuwa kama ya mwanasesere. Kwenye kamera za bei ya chini uharibifu huu huanza mapema, ISO 400 tu, na wakati mwingine huonekana hata mchana kwenye majani ya mbali.

Kwangu hili ni baya kuliko chembechembe zenyewe. Chembechembe zikiwepo, maelezo ya picha bado yamo chini yake, na programu nzuri ya kompyuta inaweza kuyaokoa. Kikishalainishwa, kilichopotea kimepotea. Ndiyo maana, ukiwa unachagua kati ya kamera mbili zenye kihisi kidogo kilekile, ile inayohifadhi faili za RAW, yaani data ya kihisi kabla haijasuguliwa, ina thamani kubwa kuliko yenye megapikseli za ziada. RAW inakuachia wewe uamue usugue kiasi gani.

Kuna wanaozitafuta kamera ndogo za miaka ya 2000 kwa makusudi, wakipenda ule mwonekano wa chembechembe na rangi zake. Sina ugomvi nao. Ladha ni ladha. Ila hao wananunua mwonekano, na ulinganisho huu hautawasaidia sana.

Mbingu nyeupe, kivuli cheusi

Pikseli ina ujazo wake. Kila fotoni inayonaswa huzalisha elektroni, na pikseli ya mikromita 1.3 inaweza kushika elektroni elfu chache tu kabla haijajaa, ilhali ya mikromita 6 inashika makumi ya maelfu. Ikijaa, chochote kinachoongezeka kinahesabiwa kuwa nyeupe tupu. Ndiyo sababu ya mawingu kupotea kwenye picha za kamera ndogo, na bibi harusi kuwa na gauni lisilo na mikunjo. Ukipunguza mwanga ili kuokoa mawingu, nyuso zilizo kivulini zinazama, na ukizinyanyua baadaye kwenye kompyuta zinakuja na madoadoa yao yote.

Kwenye fremu kamili au APS-C ya miaka ya karibuni unaweza kupiga picha ikiwa na giza, kisha ukanyanyua kivuli hatua tatu na ikavumilika. Kwa kihisi cha inchi 1 usizidishe moja na nusu. Kwa inchi 1/2.3, chagua: mbingu au uso.

Tundu dogo, picha laini

Hili halizungumzwi sana dukani, na ndilo linaloeleza kwa nini kamera ndogo yenye megapikseli nyingi haitoi picha kali inavyotarajiwa. Mwanga ukipita kwenye tundu husambaa kidogo, na nukta moja iliyo mbele ya lenzi haiwi nukta kwenye kihisi bali inakuwa duara dogo. Kwa mwanga wa kijani, kipenyo cha duara hilo ni takriban mikromita 3.8 kwenye f/2.8, na 10.7 kwenye f/8. Haijalishi kamera ni ya nani.

Sasa rudi kwenye jedwali. Kwenye fremu kamili yenye pikseli za mikromita 6, duara la f/8 halifiki hata pikseli mbili, na picha inabaki kali. Kwenye kihisi cha inchi 1/2.3, f/2.8 pekee inaenea karibu pikseli tatu, na f/8 inaenea pikseli nane. Megapikseli 16 zimo kwenye faili, lakini maelezo ya megapikseli 16 hayamo. Kamera nyingi za bei ndogo hata hazina tundu la kubana: mwanga ukizidi zinashusha kichujio cheusi mbele ya kihisi, na hilo ni jambo la busara.

Nikon P1000 ya mwaka 2018 ndiyo mfano unaoonyesha pande zote mbili za shilingi. Ina kihisi cha inchi 1/2.3 na lenzi inayovuta kama ya 3000 mm kwenye fremu kamili, ingawa urefu halisi ni 539 mm tu. Ukiivuta hadi mwisho, tundu ni f/8, na kila nukta inaenea kwenye pikseli nane. Je, ni kamera mbaya? Mwezi unajaza fremu nzima, ndege aliye ng'ambo ya ziwa anaonekana jicho, na kamera ina kilo 1.4. Hakuna lenzi ya fremu kamili ya kufika huko ambayo ungeibeba mkononi. Mtu anayetaka ndege wa mbali mchana, na hataki begi la kilo kadhaa, kihisi kidogo ndicho chaguo sahihi kwake. Jioni itamwangusha, na anapaswa kulijua hilo kabla ya kulipa.

Usilinganishe vihisi bila lenzi zake

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea, na mara nyingi wanakosea kwa kununua kikubwa mno. Kihisi ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni tundu la lenzi. Njia rahisi ya kupima jozi ni kuzidisha namba f kwa mara ambazo fremu kamili inakizidi kihisi ukivipima kona kwa kona: 5.6 kwa inchi 1/2.3, 2.7 kwa inchi 1, 2 kwa Micro Four Thirds, 1.5 kwa APS-C. Jibu likiwa dogo, mwanga uliokusanywa kwa jumla ni mwingi.

Chukua Sony RX100 III ya mwaka 2014, kihisi cha inchi 1 na lenzi ya f/1.8 hadi f/2.8. Zidisha: 4.9 hadi 7.6. Chukua upande wa pili kamera ya APS-C iliyo na lenzi ya kawaida inayokuja ndani ya boksi, 18–55 mm, f/3.5 hadi f/5.6. Zidisha: 5.3 hadi 8.4. Kamera inayoingia mfukoni imeipita ile yenye kihisi cha mara tatu! Si kwa mbali, na kwenye uwezo wa kushika mbingu na kivuli kwa pamoja APS-C bado iko mbele ukipiga kwa ISO ya chini, lakini aliyenunua APS-C na hatanunua lenzi nyingine maisha yake yote amebeba uzito bure.

Hali inageuka kabisa ukiweka lenzi isiyovuta (isiyo na zumu) ya f/1.8 kwenye ileile APS-C. Ikilinganishwa na f/5.6 inaingiza mwanga karibu mara kumi, na hakuna kamera ya mfukoni itakayoifikia. Na usidhani kila RX100 ni sawa: ile ya kwanza ya mwaka 2012 inaanzia f/1.8 lakini ukivuta hadi mwisho inaangukia f/4.9, ambayo ni sawa na 13 ya fremu kamili. Kwenye ukumbi wa mikutano jioni, ukiwa umeketi nyuma, hapo utajua.

Hesabu hiyohiyo inatawala ukungu wa nyuma ya mtu. Kihisi cha inchi 1/2.3 chenye f/2.8 kinafanya kazi kama f/16 ya fremu kamili: kila kitu kimeonekana, kuanzia pua hadi mlima. Kwa picha za uso ni kasoro. Kwa picha za wadudu, nyaraka, bidhaa ndogo au video ya mtu anayezunguka jikoni, ni msaada mkubwa, na wenye fremu kamili hulazimika kubana tundu na kupoteza mwanga ili kupata kitu hichohicho.

Megapikseli: nyingi si mbaya, ila hazikusaidii unapodhani

Mwaka 2006 Fujifilm F30 ilikuja na megapikseli 6.3 tu na ISO inayofika 3200, na picha zake za usiku ziliwaaibisha wapinzani wenye namba kubwa zaidi. Wengine waliendelea kuongeza. Canon G10 ya 2008 ilikuwa na megapikseli 14.7 kwenye kihisi cha inchi 1/1.7, mwaka uliofuata G11 ilirudi kwenye 10. Ni mara chache kampuni kurudi nyuma namna hiyo hadharani, na ilikuwa hatua nzuri.

Lakini lisichukuliwe hilo kumaanisha pikseli kubwa daima ni bora. Vihisi viwili vya eneo moja na rika moja, kimoja megapikseli 24 na kingine 45, vikichapishwa kwa ukubwa uleule chembechembe zinakaribiana, kwa sababu mwanga wa jumla ni uleule. Tofauti hujitokeza kwenye giza nene, ambapo kila pikseli ikisomwa huongeza kelele yake ya umeme. Simu zilipochukua vihisi vya megapikseli 48, kama Sony IMX586 ya mwaka 2018 yenye pikseli za mikromita 0.8, kwa kawaida ziliunganisha pikseli nne kuwa moja na kutoa picha ya 12. Namba 48 ilibaki kwenye tangazo.

Ukurasa wa A4 uliochapishwa kwa ubora wa juu unahitaji megapikseli 8.7. Skrini ya 4K inahitaji 8.3. Ukishafika 12, angalia mambo mengine.

Na simu je?

Simu ni kamera zenye kihisi kidogo zilizojifunza ujanja. Badala ya picha moja zinapiga nyingi haraka na kuzilaza juu ya nyingine. Ukichanganya tisa, chembechembe zinapungua hadi theluthi. Kumi na sita, hadi robo. Night Sight ya Google ilipotoka mwaka 2018 kwa simu za Pixel, kamera nyingi za mfukoni za inchi 1/2.3 zilipoteza sababu ya kuwepo, isipokuwa kwa zumu. Pia tangu karibu mwaka 2009 vihisi vidogo vilianza kutengenezwa na nyaya zikiwa nyuma badala ya mbele, ili mwanga usizibwe njiani. Xiaomi 12S Ultra ya 2022 imefika hata inchi 1.

Ujanja huo una mipaka. Mtoto anayekimbia, mchezaji ngoma, mbwa anayejikung'uta: kila picha kati ya zile tisa inamkuta mahali pengine, na programu inabaki ama na kivuli chake ama na picha moja tu yenye chembechembe zake. Kihisi kikubwa chenye tundu pana kinamkamata kwa mara moja, sekunde 1/250, bila kuomba utulivu.

Kwa hiyo nani achukue nini

Mwenye simu nzuri na anapiga mandhari, chakula, watu walioketi: asinunue kamera ya inchi 1/2.3 isiyo na zumu kubwa. Haitampa kitu kipya.

Msafiri asiyetaka begi: inchi 1 yenye f/1.8–2.8, hata iliyotumika. Kati ya inchi 1 ya miaka kadhaa iliyopita na inchi 1/2.3 mpya inayong'aa, nachukua ile ya zamani bila kufikiri.

Mzazi wa watoto wasiotulia, mpiga picha za sherehe za ndani: APS-C au Micro Four Thirds, kisha pesa iliyobaki iende kwenye lenzi isiyovuta ya f/1.8 badala ya kamera ya daraja la juu. Fremu kamili ni kwa anayefanya kazi gizani mara kwa mara, kwenye jukwaa au kanisani bila flashi, na amekubali uzito na gharama za lenzi zake.

Ukipewa nafasi ya kuijaribu kabla ya kulipa, usipige dirisha lenye jua. Geukia kona yenye giza dukani, weka ISO 1600, mpige muuzaji uso ukiwa umevuta zumu hadi mwisho, kisha kuza picha kwenye skrini hadi uone nyusi. Zikionekana nywele moja-moja, endelea na mazungumzo ya bei. Zikiwa utepe mmoja laini, washa RAW upige tena kabla hujaamua, maana huenda kihisi ni kizuri na programu ndiyo inayokiharibu. Kama haina RAW, muulize ana ipi nyingine.